Siku Tuliyorudia Chupa ya Dawa

Nilipowaambia nyumbani kwamba fildi yangu, yale mafunzo ya vitendo ya mwaka wa tatu, nitaifanyia hapa hapa Tabora, mama alifurahi akachinja kuku. Nilipomaliza sentensi, kwamba si hospitalini bali kwenye kampuni inayosambaza dawa, tena kitengo cha masoko, alinitazama kama mtu anayejiuliza kama yule kuku angeweza kurudishiwa manyoya.

Baba ndiye aliyecheka. Baba ni fundi cherehani, ana baraza lake Kanyenye, na mteja akimkera hucheka vivyo hivyo. Alisema ukoo wetu uliingia mji huu na mizigo ya watu kichwani, miguu peku, kutoka pwani, kwa hiyo sina sababu ya kuona haya.

"Babu yetu alibeba nguo na shanga zisizo zake," alisema. "Wewe utabeba dawa zisizo zako. Tena kwenye gari lenye kiyoyozi."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nasomea famasi Dar es Salaam, na kwa miaka yote ile picha niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa moja: koti jeupe, dirisha la dawa la hospitali ya mkoa, na majirani zetu wa Chemchem kwenye foleni wakininyooshea kidole kwamba yule pale ni mtoto wa fundi. Sasa ningekwenda kuvaa fulana yenye picha ya vidonge mgongoni na kuwabembeleza wenye maduka. Baya zaidi, mimi ni mtu wa kusema chini. Tangu shule walimu walikuwa wakiniambia nirudie, nirudie, mpaka nikaona afadhali ninyamaze.

Niliyekabidhiwa kwake alikuwa afisa masoko wa kampuni kwa mkoa wetu, mwanaume wa makamo kutoka Tanga, mtu wa shati jeupe kila siku na kitana mfuko wa nyuma. Nilimwita bosi. Yeye aliniita daktari, kwa utani, na nilipomkumbusha kwamba mimi si daktari alisema, "Ndiyo maana nakuita."

Alikuwa hodari. Alijua nani kati ya wenye maduka ana mtoto anayefanya mtihani na nani mama yake anaumwa miguu. Aliingia dukani kama shemeji: shikamoo kwa wakubwa, mzaha kwa wa rika lake, kisha habari za mvua, habari za mahindi, na dawa akaitaja mwishoni kabisa, akiwa ameshashika mlango, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo. Nilikuwa nikisimama nyuma yake na begi la sampuli, nikiomba Mungu asigeuke kuniangalia.

Aligeuka tukiwa kwenye duka moja mtaa wa Isevya, akanipa zamu ya kusema. Dawa tuliyokuwa tukiitangaza zaidi msimu ule ilikuwa ya watoto, ya kuua vijidudu, ile inayokuja ikiwa unga mkavu ndani ya chupa. Kabla ya kutumika hutiwa maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka kwenye mstari, kisha hutikiswa ndipo huwa dawa ya maji. Habari zake zote nilizijua kwa moyo. Nilizisema zote, kwa mpangilio, huku nikitazama ndala za mama mwenye duka. Alinisubiri mpaka mwisho, akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, hiyo dawa unaniuzia au unaisomea dua?"

Kwenye gari niliuliza, "Bosi, nimeharibu?"

"Hujaharibu," alisema akiwasha gari. "Hujaanza tu."

Jioni ile nilimwambia mama kwamba nitaandika chuoni waniondoe. Mama alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Alisema mtu haondoki shambani siku anayopewa jembe. Nikabaki, lakini bila moyo.

Baada ya wiki chache bosi alipanga safari ya Nzega na Igunga. Huko Igunga kulikuwa na mfanyabiashara mwenye maduka kadhaa ya dawa ambaye bosi alikuwa akimfukuzia kwa muda mrefu, na hatimaye alikubali kuonana naye mchana ule. Tuliondoka Tabora alfajiri. Nzega tulipita haraka haraka, na kwa kuwa muda ulikuwa unaturuhusu, tukasimama kwenye kijiji kimoja cha barabarani upande wa Igunga. Palikuwa na mashine ya kusaga, maduka machache, na duka moja la dawa.

Muuzaji alikuwa dada kijana, mchangamfu, na dakika chache tu baada ya kuingia bosi alikuwa ameshamchekesha mpaka ameshika meza. Mimi nilikuwa ukutani nabandika bango. Akaingia mama mmoja, kijana pia, na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa amelala, kichwa kimeangukia upande. Mama alisema mtoto ana kifua na homa. Dada wa duka, hadithi ya bosi ikiwa katikati, alinyoosha mkono rafuni akachukua chupa, ile ile ya kwetu, akampa. Mama akalipa, akaifunga chupa kwenye pindo la kanga, akatoka. Hakuuliza kitu, na hakuambiwa kitu. Bosi akafika mwisho wa hadithi, wakacheka tena, tukaaga.

Tulikuwa tumeshaacha kijiji nyuma, redio inaimba, ndipo ile sauti iliponirudia. Mama yule alipokuwa akifunga fundo, chupa ilitoa sauti kama mchanga kwenye kopo. Ulikuwa unga mkavu. Nilijaribu kujituliza kwamba labda atauliza jirani, labda anajua kusoma maelezo ya kwenye boksi. Kisha nikakumbuka kwamba hata boksi hakupewa. Nilikuwa nimesoma habari za watoto waliolambishwa unga ule kwa kijiko kama ulivyo, dozi nzima ya siku nyingi ikaingia kwa mkupuo.

"Bosi," nilisema.

Hakunisikia. Nikazima redio. Sijui nilipata wapi ujasiri wa kugusa redio ya mtu.

"Bosi, yule mama amepewa unga."

"Mama gani?"

"Aliyekuja na mtoto mgongoni. Hakutiliwa maji. Wala hakuelezwa."

"Ameelezwa bwana. Wale wanafundishwa."

"Hakuelezwa. Nilikuwa pale."

Alitazama saa ya gari, akatazama barabara. "Daktari, tukirudi sasa, yule mtu wa Igunga hatatungoja. Unamjua alivyo."

"Najua," nilisema. Sehemu moja ya moyo wangu ilitaka aseme hapana, ili niweze kusema kwamba nilijaribu.

Gari likaendelea kidogo. Kisha bosi akawasha taa ya kukata kona, ingawa barabara ilikuwa tupu mbele na nyuma, akageuza.

Dada wa duka alipotuona tena alitabasamu, akidhani tumesahau kitu. Nilipomweleza, uso ulimshuka. Akashika mdomo. "Jamani. Nilikuwa nasikiliza nyie." Nilimwona bosi akiangalia chini. Dada alimfahamu mama yule, ni mke wa mfugaji anayekaa ng'ambo ya korongo, nyumba mbili za bati jipya kando ya zizi kubwa. Alitoka mpaka barabarani kutuonyesha njia, akasimama pale tulipoondoka, mikono kichwani.

Njia yenyewe ilikuwa ya ng'ombe. Ilikuwa kiangazi, bahati yetu, maana masika udongo ule mweusi hauachi gari lipite. Kundi la ng'ombe lilituziba mbele na bosi akapiga honi, akapiga tena, na ng'ombe wakatutazama tu. Niliteremka nikawafukuza kwa mikono, mimi mtoto wa mjini, nikiwa na fulana yangu ya vidonge. Kichwani nilikuwa nahesabu kilichoweza kutokea: amefika, amefungua, ametafuta kijiko.

Tulimkuta bibi uani akipepeta mtama. Alilitazama gari, akaitazama picha ya dawa kwenye mlango wake, na kabla hatujasalimia akasema kwa Kisukuma maneno ambayo bosi hakuyaelewa ila mimi niliyapata. Alisema dawa tumeshanunua, nendeni mkauzie wengine.

Bosi aliniangalia. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mnyamwezi wa vijijini, na nikiwa mdogo alikuwa haniletei chakula mpaka niombe kwa lugha yake. Kinyamwezi na Kisukuma vinasikilizana. Nikapiga goti.

"Mwadila, mayu," nilisema, ndiyo salamu ya mchana, na mayu ni mama.

Akaacha kupepeta. "Mwadila," aliitika.

Nikamwambia hatuuzi kitu. Dawa aliyopewa mkwewe bado haijatiwa maji, na akipewa mtoto hivyo itamdhuru. Tumekuja kuitengeneza tu. Kinyamwezi changu kilikuwa cha kuvunjika, nilichomeka Kiswahili kila niliposhindwa, lakini nilisema kwa sauti ya kusikika mpaka ndani, kwa sababu yule mama kijana alitoka mwenyewe mlangoni kabla hajaitwa. Alikuwa na kanga ile ile. Fundo lilikuwa bado limefungwa.

Alilifungua mbele yetu. Chupa ilikuwa haijaguswa.

Nikaketi pale pale kwenye ukingo wa baraza. Nilitaka kucheka na kulia. Niliuliza, kwa kuzungumza tu, mbona hajampa bado.

"Amelala," alisema mama. "Sikutaka kumwamsha. Tangu dukani hajaamka."

Mimi bado nilikuwa natabasamu. Bosi ndiye aliyeinua kichwa.

"Tangu dukani?" alisema. "Na kule dukani alikuwa amelala tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Alikataa kunyonya, akalala."

Bosi hakuomba ruhusa. Aliingia ndani, nami nikamfuata, na nikamwona yule mtu wa kitana na shati jeupe akipiga magoti kwenye sakafu ya udongo kando ya mkeka. Alimfunua mtoto kifua. Akaleta saa yake karibu na macho, akahesabu, akitazama tumbo la mtoto likipanda na kushuka. Hata mimi niliona. Kila mtoto alipovuta pumzi, chini ya mbavu palibonyea kuingia ndani. Bosi alimwita, akamfinya kidole kidogo, mtoto akafungua macho kwa shida na kuyafumba.

"Kichomi," alisema. "Huyu si wa dawa ya chupa. Huyu ni wa hospitali, na ni sasa hivi."

Mama wa mtoto alikuwa tayari ameshika kanga ya kubebea. Bibi ndiye aliyesimama mlangoni. Mwanawe, baba wa mtoto, yuko machungani na ng'ombe, alisema, hatarudi mpaka jioni, na watu hawachukui mtoto wa mtu kwenye gari lisilojulikana. Na dawa si imeshanunuliwa?

Bosi alitaka kubishana kwa Kiswahili, nikamshika mkono. Sijawahi kusema maneno mengi kwa wakati mmoja kama siku ile. Nilimwambia bibi dawa ile ni nzuri lakini mtoto amepita mahali ambapo ingemtosha, anahitaji hewa ya mtungi na sindano, na vitu hivyo haviko dukani wala ndani ya gari letu. Nilimwambia mimi ni mtoto wa fundi wa Kanyenye, Tabora, nina mama, nina bibi aliyezikwa Uyui, na kama ana wasiwasi apande naye. Gari lina nafasi.

Bibi akaingia chumbani. Bosi akawasha gari, mama akapanda na mtoto, nikafungua mlango wa nyuma, na bibi hatoki. Nikadhani amekataa. Alipotoka alikuwa amebadilisha kitenge na kujifunga kilemba kipya. Hospitali haiendewi na nguo za shamba.

Kurudi Nzega bosi aliendesha kwa namna ambayo hakuwahi kuendesha. Mikono ilikuwa imeushika usukani kwa nguvu. Nilimuuliza aliyajuaje yale, na alinijibu bila kunitazama kwamba zamani alikuwa tabibu kwenye zahanati moja ya kijijini, peke yake na muuguzi mmoja.

"Uliacha kwa sababu ya mshahara?"

"Watu huwa nawaambia hivyo," alisema. "Nilichoka kuogopa. Kila siku unaogopa. Nikaona heri niuze."

Nyuma mama alikuwa anamsemesha mtoto taratibu, na bibi alikuwa ameshika paa la gari kwa mikono miwili.

Hospitalini walimpokea haraka. Muuguzi alimtazama mtoto mara moja, akaita mwenzake, wakaingia naye ndani na mama. Tukabaki bibi, bosi na mimi kwenye benchi la nje. Simu ya bosi iliita. Alikuwa mfanyabiashara wa Igunga. Bosi alisimama kumjibu kwa heshima, akaomba radhi, akaanza kueleza, kisha akaitazama simu. Yule bwana alikuwa amekata. Haikupita muda ikaita tena, safari hii meneja wetu kutoka ofisi ya kanda. Sauti yake niliisikia kutoka pale nilipoketi. Bosi alisubiri amalize.

"Nina mgonjwa," alisema. "Ndiyo, mgonjwa. Mtoto. Hapana, si wangu."

Meneja aliuliza kitu, safari hii kwa sauti ya chini.

"Yuko hai," alisema bosi. "Bado sijui, mkuu. Nikijua nitakupigia."

Akarudi kuketi. Bibi, ambaye hakuwa ameelewa ila sauti, alimgusa goti na kumwuliza kupitia kwangu kama amefukuzwa kazi. Bosi alisema bado. Bibi akasema basi wakimfukuza, kwao kuna ng'ombe wa kuchunga. Alisema kwa dhati kabisa, na sikujua kama nitafsiri na ule ukali wake wote.

Tulikaa. Kivuli cha jengo kilihama kutoka kwenye miguu yetu hadi kwenye ua. Nilikuwa nimeshaacha kufikiri, nasikiliza tu mlango. Ulipofunguka alikuwa mama wa mtoto, kanga imelowa begani, na alikuwa anatafuta nani amwambie kwanza.

"Ananyonya," alisema.

Bibi aliinama mbele akaegemeza kichwa kwenye mikono. Mimi nilimkumbatia mama yule, mtu ambaye hadi leo simjui jina. Nilipogeuka bosi hakuwepo. Nilimkuta nyuma ya gari, ameegemea, leso usoni, mabega yanamtikisika. Nilitaka kurudi nyuma taratibu lakini alishaniona. Akajifuta, akatoa kitana, akachana nywele, akasema, "Njaa inauma, daktari."

Tulikula wali na maharage kwa mama ntilie nje ya geti, tukampelekea bibi sahani yake na chai ya mama wa mtoto. Sijawahi kula wali mtamu kama ule. Bosi alimpigia meneja na mdomo bado una chakula. Nilimwona akisikiliza, akiitikia, kisha akakata na kubaki ameishika simu.

"Anasema nini?"

"Anasema tutafute mteja mwingine." Akacheka kwa pumzi ndefu. "Basi. Ni hivyo tu."

Yule bwana wa Igunga kweli hatukumpata tena. Alichukua mali kwa wengine, na kila tulipopita mlangoni kwake alikuwa ametoka. Bosi alisikitika siku mbili tatu, akaacha.

Kilichobadilika ni kazi yetu. Tuliporudi kwa dada yule wa kijijini bosi hakumsimulia hadithi yoyote. Aliniambia nianze mimi. Nikaomba chupa, nikaomba maji yaliyochemshwa, nikamwonyesha jinsi ya kugonga chupa ili unga uachane, kutia maji nusu, kutikisa, kisha kujazia mpaka mstarini, naye akarudia mbele yangu. Kuanzia siku ile tuliingia kila duka hivyo. Wengine walikuwa wanajua na wakatuambia tusiwapotezee muda, wengine walishukuru. Maagizo hayakupungua, na hilo lilimshangaza bosi kuliko mimi.

Siku nne tano baada ya tukio tulipita Nzega tena, na bosi akaingiza gari hospitalini bila kuniuliza. Tulikwenda wodi ya watoto. Kwenye kitanda ambacho muuguzi wa mapokezi alituelekeza alikuwepo mtoto mwingine, mkubwa, mguu una bandeji. Bosi alisimama kwenye mlango kama aliyekatazwa kuingia.

Muuguzi wa wodi alitukuta tumeganda pale. "Mnamtafuta nani?"

Nikamweleza: mtoto wa kichomi, wa yule mfugaji, aliyekuja na bibi yake.

"Ah, yule bibi!" alisema, akaweka trei chini ili apate kuzungumza vizuri. "Wameruhusiwa jana. Baba yake alikuja na pikipiki kuwachukua. Mtoto alikuwa ananivuta kitambulisho, hataki kuachia. Na bibi ameondoka ananigombeza kwamba uji wetu ni mwepesi, mjukuu wake atakonda."

Bosi aliuliza mara mbili kama ni jana kweli. Muuguzi akasema ni jana, saa za mchana, yeye mwenyewe aliwasindikiza mpaka getini.

Tulirudi garini bila haraka. Jua lilikuwa bado juu na tulikuwa na maduka mengine ya kupitia, lakini bosi alisema leo inatosha, twende nyumbani. Tulifungua madirisha yote. Baada ya muda niligundua kwamba anaimba, vibaya, wimbo wa harusi wa kwao Tanga, na anakosea maneno na kuanza upya. Nikaegemeza kichwa mlangoni, upepo unanipiga usoni, nikalala usingizi mzito mpaka Tabora.